Ubavu wa nyuma wa Mustang ya 1968 ulioliwa na kutu: ukate wapi, na uunganishe vipi

Msomaji mmoja anayefufua Ford Mustang ya 1968, ile yenye paa la bati na injini ya V8 ya inchi za ujazo 390, ameniandikia kwamba rangi imetoa malengelenge nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma na kuzunguka matao yake, na kwamba alipochokonoa upande wa kushoto kwa bisibisi, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Fundi mmoja amemshauri akate sehemu ya chini tu na kutia kiraka. Mwingine amemwambia kwamba hakuna kazi ya maana isipokuwa kung'oa bati lote la ubavu hadi linapokutana na paa. Yeye mwenyewe amekwisha kununua mabati mawili mapya kamili, ana mashine ya kuchomelea ya MIG, ile inayosukuma waya wenyewe pamoja na gesi, na amefanya mazoezi nayo kwa mwaka mzima. Anauliza mambo matatu: afuate ushauri upi, akate wapi, na aunganishe bati jipya na la zamani ukingo kwa ukingo au kwa kuyapandanisha. Wapo watakaobisha kwamba Mustang haimo katika jamii moja na magari ya nguvu ya Kimarekani kama Pontiac GTO na Dodge Charger. Kwangu mimi yenye injini hiyo imo, na hata hivyo kutu haijali mabishano hayo.

Ndugu msomaji, swali lako limeanzia nje, lakini kutu yako imeanzia ndani. Malengelenge ya rangi kwenye bati la ubavu ni mahali ambapo kutu imemaliza safari yake, kwa maana bati hilo limeliwa upande wa nyuma kwa miaka mingi kabla hujaona dalili yoyote. Kwa hiyo ninakuomba usikate kitu kwanza. Wale mafundi wawili wameamua ukubwa wa kazi kwa kutazama uso wa gari, ilhali kinachoamua ni hali ya mabati matatu yaliyo nyuma yake: pango la gurudumu la nje, pango la gurudumu la ndani, na lile bati dogo linaloshuka kutoka kwenye sakafu ya buti hadi kwenye ukingo wa chini wa ubavu. Hayo yakiwa mazima, kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Yakiwa yameoza, kiraka cha nje hakitakuwa na mahali pa kushika, hata kikichomelewa na fundi bingwa.

Kununua mabati kamili hakukulazimishi kuyatumia yote. Nimeona watu wakikata sehemu kubwa ya bati la asili lisilo na kasoro kwa sababu tu jipya lilikuwa limeshalipiwa. Faida kubwa ya bati kamili ni kwamba linakupa uhuru wa kukata popote unapotaka, kwa kuwa umbo unalolihitaji limo, kuanzia tao la gurudumu hadi mkunjo wa juu. Viraka vidogo vinavyouzwa peke yake mara nyingi huishia mahali pabaya, katikati ya uso ulio bapa, na hapo ndipo uchomeleaji hukunja bati kuliko popote.

Kabla ya kufungua sanduku la zana, tafuta maji yanaingilia wapi. Mtu mmoja aingie ndani ya buti akiwa na tochi, kiti cha nyuma na zulia vikiwa vimeondolewa, na mwingine amwagie gari maji ya mpira polepole, akianzia chini na kupanda juu, dakika kadhaa kila mahali. Ukianza juu utalowesha kila kitu na hutajua chochote. Katika Mustang ya paa la bati, mahali pa kushuku kwanza ni mfereji unaozunguka kioo cha nyuma: maji husimama chini ya urembo wa chuma, hutoboa pembe za chini za mfereji huo, kisha huteremka kimyakimya hadi kwenye bati lile linaloshuka kutoka buti. Angalia pia mpira wa kifuniko cha buti na sehemu za taa za nyuma. Chanzo cha pili hakitoki juu kabisa: ni tope linalorushwa na tairi kwenye ukingo ambapo pango la nje linakutana na tao la ubavu. Mabati mawili yamelala pamoja pale bila nafasi ya kuonekana, yanashika tope, na tope linashika unyevu. Ukibadilisha bati bila kuziba chanzo cha maji, umeipa kutu chakula kipya.

Sasa kuvua. Ondoa bampa, taa, urembo, vioo vya pembeni, kiti na nyaya zote zinazopita ndani ya ubavu na buti, na ukate umeme wa betri. Jambo moja la gari lako linahitaji tahadhari ya pekee. Katika Mustang za miaka hiyo, tangi la petroli liliingizwa kutoka juu na kufungwa kwa skrubu kwenye sakafu ya buti, kiasi kwamba uso wa juu wa tangi ndio sehemu ya sakafu yenyewe. Unapochomelea ubavu, cheche zinaanguka moja kwa moja juu ya tangi. Litolewe lote na lipelekwe mbali na karakana. Tangi tupu lenye mvuke ni la hatari kuliko lililojaa. Kwangua pia ile lami ya kuzuia kelele iliyopakwa ndani ya mabati, kwa kuwa huwaka taratibu usipoiona, na uweke kizima moto mahali ambapo mkono unafika. Usisafishe bati kwa dawa ya kuoshea breki yenye klorini kisha ukachomelea, maana joto na mwanga wa uchomeleaji huweza kugeuza mabaki yake kuwa gesi ya fosjini, ambayo huharibu mapafu hata kwa kiasi kidogo sana.

Ninakuja kwenye jambo ambalo mafundi wako wote wawili hawakulitaja, na ndilo ninalolipa uzito kuliko uchomeleaji. Mustang haina fremu ya kutenganishwa na bodi kama ilivyo Chevrolet Chevelle. Mihimili yake imechomelewa kwenye sakafu, na vizingiti, sakafu, nguzo na paa vinabebana. Ubavu wa nyuma nao umo katika mnyororo huo. Ukiutoa gari likiwa limekaa vibaya, bodi inatulia katika umbo hilo baya, na bati jipya litakuja kulifunga humo daima.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Zamani niliinua gari la aina hii juu ya stendi nne zilizowekwa chini ya vizingiti, kwa sababu ilikuwa rahisi kupita kwa miguu, nikang'oa ubavu wa kushoto, nikaunganisha mpya, na milango ikafunga kwa sauti nzuri. Siku nilipoliteremsha juu ya magurudumu, uzito wa mbele na wa nyuma ulihamia mahali pake, katikati pakateremka kidogo, na pembe ya juu ya nyuma ya mlango ikabana hadi praima, yaani rangi ya msingi, ikachubuka. Tofauti ilikuwa kama unene wa sarafu mbili. Nilitoboa tena nukta zote nilizokuwa nimezichomelea, yaani vile vituo vidogo vya moto vinavyoshikanisha mabati, moja moja, kwa siku mbili.

Kwa hiyo stendi zikae chini ya ekseli ya nyuma na chini ya mikono ya mbele ya magurudumu, ili gari libebe uzito wake pale linapoubeba barabarani. Tumia pimamaji kwenye vizingiti, upande kwa upande. Kisha piga alama ndogo za patasi ya nukta katika pembe nne za uwazi wa mlango na wa buti, upime mishazari, na uandike vipimo hivyo ukutani, maana karatasi hupotea karakanani. Chomelea vishikizo vya bomba la mraba la milimita 25 ndani ya uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, lakini uviweke upande wa ndani ili mlango uendelee kufungwa na kufunguliwa. Kishikizo kinachozuia mlango kufungwa kinakunyima kipimo chako kilicho bora kuliko vyote, yaani mlango wenyewe. Kabla ya hapo hakikisha bawaba hazijalegea: ukinyanyua ncha ya mlango na ukacheza juu na chini, tengeneza bawaba kwanza, la sivyo utaupanga ubavu kufuata mlango unaoning'inia.

Baada ya hayo unaweza kufungua dirisha dogo. Kata sehemu ya chini iliyooza waziwazi, ile ambayo itaondoka kwa vyovyote, na uchungulie. Gonga mapango ya gurudumu kwa nyundo nyepesi. Bati zima hulia, bati lililooza hukoroma. Hapa ndipo utakapojua kama ushauri wa kiraka au wa bati lote ulikuwa na msingi. Kazi ya kurudishia inakwenda kutoka ndani kuelekea nje bila kuruka hatua: mhimili wa nyuma kama umeguswa, kisha sakafu ya buti, kisha pango la ndani, pango la nje, lile bati linaloshuka, na ubavu mwisho kabisa. Usichomelee pango la nje moja kwa moja, hata kama umelibana vizuri. Lishike kwa skrubu tu, ulaze bati jipya la ubavu juu yake, uone kama tao linafuatana na ukingo wa pango mzunguko wote, ndipo uondoe ubavu na kulichomelea. Pango lililokaa milimita nne nje ya mahali pake litausukuma ubavu nje, na hakuna nyundo itakayourudisha.

Kuhusu mabati mapya uliyonunua, yakague kama unavyokagua gari la mkononi. Mabati ya kuigiza hutofautiana: mengine mkunjo wake ni butu kuliko wa kiwandani, mengine uwazi wa taa umehama kidogo, na karibu yote huhitaji kurekebishwa mahali fulani. Kuna wanaosafiri mbali kutafuta bati la zamani lililokatwa kwenye gari lililoishi katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani, kama Arizona, ambako hewa ni kavu na hakuna chumvi ya barabarani. Ukipata hilo, mkunjo wake utakuwa sahihi, lakini nawe utakuwa na kazi ya kutenganisha nukta mara mbili. Ile rangi nyeusi iliyopakwa kwenye bati jipya nayo ijaribu kabla ya kuiamini. Sugua kwa kitambaa chenye thina kali. Ikitoka kwenye kitambaa, ilikuwa ya kulinda safarini tu, na itabidi uikwangue yote kabla ya praima.

Laza bati jipya juu ya lile la zamani kabla hujalitoa la zamani. Halitakaa sawasawa, lakini litakuonyesha kama mkunjo mkuu, ule mstari uliokunjwa unaokwenda na urefu wa ubavu, unafuatana na wa mlango. Baadaye, ukishalitoa la zamani, shikilia jipya kwa koleo za kubana na skrubu ndogo, ufunge mlango, kifuniko cha buti, taa, bampa ikiwezekana, na urembo wa kioo cha nyuma. Pengo kati ya mlango na ubavu ulilenge kwenye milimita 4 hadi 5, likiwa sawa kutoka juu hadi chini. Viwandani wakati ule hawakuwa waangalifu kiasi hicho, nawe huna sababu ya kurudia uzembe wao. Mimi hutumia kipande cha ubao mwembamba cha unene huo na kukiteremsha ndani ya pengo. Mahali kinapokwama panaonekana kwa mkono kabla ya jicho. Siku hii ya kupima na kufungua na kupima tena itakuchosha, na huenda zikawa siku tatu. Usiifupishe.

Sasa ukate wapi? Ikiwa kutu imebaki chini ya mkunjo mkuu, kama maelezo yako yanavyoonyesha, sioni haja ya kwenda hadi paa. Pitisha mstari wako chini ya mkunjo huo, sentimita tatu hadi tano kutoka hapo, ukifuatana nao. Mkunjo ni kama ubavu wa mwavuli: unalishikilia bati lisijikunje kwa joto. Ukienda chini zaidi unaingia uwanja bapa, ambako bati halina nguvu ya kujizuia, na kila nukta ya moto itaacha wimbi. Ukipita juu ya mkunjo wenyewe utaupotezea makali yake, na kuyarudisha kwa puti, ile kinamo ya kujazia bati, ni kazi inayoonekana gari likisimama juani. Upande wa mlango na upande wa nyuma fuata mishono ya kiwandani, kwa kuwa huko nukta zinatenganishwa kwa usafi na hakuna kitakachoonekana.

Ikiwa kutu imepanda hadi pembe za kioo cha nyuma au imeingia kwenye nguzo ya mlango, yule fundi wa pili ana haki, na utalazimika kwenda hadi kwenye mshono wa paa. Huko utakutana na kitu ambacho huenda hukukitegemea. Kiwanda kilifunika mshono ule kwa mchanganyiko wa risasi na stani, ulioyeyushwa na kulainishwa kwa mkono hadi paa na ubavu vikawa uso mmoja. Mchanganyiko huo huanza kulainika kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi, yaani mwali mdogo unatosha. Upashe joto, upanguse kwa brashi ya waya ukiwa umevaa barakoa yenye kichujio, na uokote mabaki kwenye chombo. Usiuguse kwa grenda hata kidogo, kwani vumbi la risasi hukaa karakanani na kukufuata nyumbani kwenye nguo. Usiache hata chembe yake kwenye mshono, kwa sababu risasi iliyobaki huchemka chini ya moto wa kuchomelea na kuacha uunganishaji wenye vinyweleo.

Kutenganisha nukta za kiwandani ni kazi ya macho. Piga msasa namba 80 juu ya mshono, kwa mkono, ukitumia kipande cha ubao bapa: bati litang'aa, na kila nukta itabaki kuwa duara dogo jeusi, kwa kuwa mahali hapo pamebonyea na msasa haupafikii. Weka alama katikati kwa patasi ya nukta, toboa tundu la milimita 3, kisha uendelee kwa kikataji cha nukta cha milimita 8. Unachotaka ni kupita bati la juu tu. Punguza mkazo unapokaribia, na utaona alama yake: duara la chuma linaanza kuzunguka pamoja na kikataji, na vumbi la kutu la kahawia linatokea badala ya chembe zinazong'aa, kwa sababu umefika kwenye nafasi iliyo kati ya mabati mawili. Simama hapo. Ingiza tindo nyembamba kati ya mabati na uigonge pole. Nukta ikikataa, irudie kwa kikataji. Usiilazimishe kwa tindo, maana utachana ukingo wa chini, ambapo ndipo utakapochomelea bati jipya.

Kuhusu ukingo kwa ukingo au kupandanisha, nina msimamo, na nitaueleza pamoja na haki ya wanaonipinga. Kupandanisha ni rahisi: bati moja limekunjwa ngazi ndogo kwa koleo maalumu, lingine linakaa juu yake, na mchomeleaji ana chuma mara mbili cha kubeba joto, kwa hiyo hatoboi. Kwenye sakafu, mahali pasipoonekana na panapoweza kuzibwa pande zote mbili, sina ugomvi nako. Kwenye ubavu ninakukataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kati ya mabati mawili yaliyopandana pana nafasi nyembamba ambayo rangi haifiki na maji yanafika, yaani umejenga upya maungio yaleyale yaliyokuletea kutu. Ya pili huonekana baada ya gari kupakwa rangi: sehemu yenye unene maradufu hutanuka kwa jua tofauti na sehemu nyembamba iliyo jirani yake, na mstari hafifu hujitokeza chini ya rangi kama kovu. Ukingo kwa ukingo unadai usahihi zaidi, lakini ukimaliza una bati moja la unene mmoja, ambalo unaweza kulifua kwa nyundo kutoka pande zote mbili.

Namna ya kupata ukingo unaokutana vizuri ni hii. Acha bati jipya lipite juu ya la zamani kwa sentimita mbili, ulibane kabisa mahali pake, kisha ukate yote mawili kwa pamoja kwa diski nyembamba ya milimita moja, kipande kwa kipande cha urefu wa kiganja. Kila unapokata kipande, toa mabaki, sawazisha kingo mbili zikutane, na upige nukta moja ya kushikilia kabla ya kuendelea. Pengo linalobaki lisizidi unene wa bati lenyewe, ambalo katika gari hili ni karibu milimita 0.9. Pengo pana humaanisha chuma kingi cha kujazia, chuma kingi humaanisha joto jingi, na joto jingi humaanisha kusinyaa.

Mashine yako iwe na waya wa milimita 0.6 na gesi ya arigoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi, robo tatu kwa robo. Fanya majaribio kwenye mabaki ya bati ulilokata, si kwenye chuma kingine chochote, kwa kuwa chuma cha 1968 kilichochakaa kinapokea moto kivyake. Nukta nzuri ni ile inayoonekana upande wa nyuma kama kifungo kidogo kilichochomoza. Isipoonekana nyuma, haijashika. Kisha piga nukta umbali wa kiganja kutoka moja hadi nyingine, urudi katikati ya nafasi hizo, na katikati tena, hadi zikutane. Usichore mstari wa moto hata wa sentimita mbili. Kabla ya kuongeza nukta karibu na nyingine, weka kiganja chako hapo: ikiwa huwezi kukiacha, subiri. Mshono wa ubavu mmoja una mamia ya nukta, na kwa kasi hiyo ni kazi ya siku nzima. Wapo wanaopoza kwa hewa ya kompresa ili waende haraka. Mimi siipendi njia hiyo, na maji siyataki kabisa. Heri kuhama kwenda mwisho mwingine wa mshono na kurudi baadaye.

Watu wengi hudhani bati hujikunja kwa sababu limetanuka. Hutanuka kweli likiwa jekundu, lakini mabati ya pembeni yaliyo baridi hulizuia, kwa hiyo linajisukuma na kuwa nene mahali pale. Linapopoa husinyaa, na halirudi kwenye upana wake wa mwanzo. Kinachobaki ni mshono mfupi kuliko bati linalouzunguka, ukilivuta kama uzi uliokazwa kwenye kitambaa. Ndiyo maana dawa yake ni kuutanua. Ingiza fuawe ya mkononi nyuma ya nukta, ikae imegusa bati barabara, na uigonge nukta kwa nyundo bapa kutoka nje, ili chuma kibanwe kati ya vyuma viwili na kitambae. Mapigo matatu au manne mepesi yanatosha kwa nukta moja. Pitisha kiganja, umefumba macho, kutoka bati zima kupita mshono hadi bati zima la upande wa pili, ukitumia mkono uliovaa soksi ya pamba. Utahisi bonde, na bonde likiisha simama, kwa maana ukiendelea utazalisha kilima. Hii ni sababu nyingine ya kupanga mstari wa kukata mahali ambapo mkono wako wenye fuawe unaweza kufika kutoka ndani ya buti.

Kwenye mishono ya kiwandani, yaani nguzo ya mlango, kizingiti, bati la nyuma na tao, toboa matundu ya milimita 8 kwenye bati jipya na uyajaze kwa moto, ukianza katikati ya tundu juu ya bati la chini na kuzungusha kuelekea nje. Nyuso zinazolaliana zipakwe kabla praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa, kisha uikwangue ndani ya tundu pekee, kwa kuwa zinki huchafua moto na moshi wake huleta homa ya siku moja. Fungua milango ya karakana na uvae barakoa. Kwenye tao, koleo za kubana ziwe nyingi kuliko unavyofikiri unahitaji, maana mabati mawili yasipogusana kabisa, moto utalijaza tundu na kuliacha bati la chini bila kushikwa.

Kusawazisha kwa grenda pia ni moto. Shusha kwanza kichwa cha nukta kwa ukingo wa diski nyembamba, bila kugusa bati la pembeni, kisha umalizie kwa diski ya msasa namba 80, ukihamahama. Bati likigeuka rangi ya samawati, umelichoma, na pengine umelifanya jembamba kuliko rangi itakavyoweza kuficha.

Kinachobaki ni kulinda. Bati likiwa safi na lenye mikwaruzo ya msasa namba 80, paka praima ya epoksi moja kwa moja juu ya chuma, ndani na nje, kabla ya puti yoyote. Puti ya kawaida hunyonya unyevu, kwa hiyo ikae juu ya epoksi, si chini yake, na mishono izibwe kwa gundi yake juu ya epoksi vilevile. Upande wa nyuma wa mshono wako ndio utakaosahau, na ndio ulioungua praima yote. Uingie ndani ya buti na brashi na uupake kwa mkono. Nta ya kumimina kwenye mapango na vizingiti isubiri hadi gari limemaliza kupakwa rangi na kukauka. Ukiiweka mapema, chembe zake zitasafiri hadi kwenye uso unaopakwa na rangi itatengana ikiacha vitundu vinavyoitwa macho ya samaki. Ukiisha kuinyunyiza, zibua kwa waya vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya ubavu na vizingiti, kwa sababu nta hupenda kuganda humo.

Usianze upande wa kulia hadi wa kushoto umechomelewa wote. Ubavu ambao haujaguswa ndio ramani yako: umbali kutoka mkunjo hadi kizingiti, kutoka tao hadi ukingo wa mlango, kutoka pembe ya taa hadi kifuniko cha buti, vyote vipo pale vikiwa vimepangwa na kiwanda. Vipime na uviandike hata kama upande huo nao umeoza chini, kwa kuwa utakapokuwa umeshika bati jipya la kushoto mkononi na hujui liinuke kiasi gani, hakuna mahali pengine pa kuuliza.